BMX ya Petero na Jivu la Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Leo bahati imeingia karakana yangu. Imeingia begani kwa Armelle, yule fundi cherehani wa mtaa wa nyuma hapa Buzebazeba. BMX! Baiskeli ya vijana, ya miaka ile yenyewe. Usukani mpana kama pembe za ng'ombe wa Kiha, fremu fupi, na masizi toka juu mpaka chini. Ilikuwa imetundikwa juu ya uchaga wa jikoni kwa marehemu mama yao, ikifukizwa moshi tangu Armelle akiwa mtoto.

Mwenyewe ni kaka yake, Petero Manariyo. Armelle ni Ininahazwe. Baba mmoja, mama mmoja, kila mtu na jina lake. Warundi ndivyo walivyo, nilishazoea. Petero alihamia Kanada zamani. Mama alipofariki hakuja kuzika, alisema karatasi zake hazijatoka. Tangu siku hiyo wanaandikiana kwenye simu: habari, nzuri, nawe, basi.

Sasa anakuja. Armelle akanieleza anachokiogopa. Anaogopa kaka yake atafika kama mgeni, atakaa kwenye kochi, atakunywa soda, ataaga. Anataka aikute baiskeli yake ya utotoni. Anataka akiiona tu, aijue.

Nikamwambia aondoe shaka, amefika kwa fundi. Nilisema kwa sauti nzito, mkono kiunoni. Ukweli ni kwamba nilikuwa simuwazi Petero. Nilikuwa namuwaza Hamdani.

Hamdani ni fundi baiskeli wa Ujiji. Watu wanamwita mtaalamu kwa sababu aliwahi kurekodiwa video akikarabati baiskeli ya babu wa mtu. Ana kundi la WhatsApp, linaitwa Chuma Asilia. Nimo humo tangu mwaka jana. Sijawahi kupata hata dole gumba.

Mpango: nitaing'arisha BMX hii mpaka Hamdani ahamie kwenye biashara ya mihogo.

Jumanne, 10 Juni

Nimeazima grenda kwa Erasto, mchomeleaji mageti. Nimeifunga kitambaa, nimepaka dawa ya kung'arishia, nimeanza. Usukani. Mikono ya pedeli. Rimu. Masizi yaliruka nikawa mweusi mimi, baiskeli ikawa nyeupe. Jogoo wa jirani alijiona kwenye usukani akaupiga mdomo akidhani ni mwenzake. Nimeihesabu kuwa zawadi ya kwanza.

Kuna kile kipande kinachoushika usukani, tunakiita shingo. Cha BMX hii ni cha aluminiamu, kama sufuria. Kilikuwa na mikwaruzo mikwaruzo. Nikaifuta yote. Nakumbuka nilikuwa napiga mluzi.

Jioni nikatuma picha kwenye Chuma Asilia. Kimya. Kisha Hamdani akaandika neno moja: "Innalillahi."

Watu wakaligongea lile neno madole gumba. Hata Erasto, aliyeniazima grenda.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda Ujiji kugombana. Hamdani amenipokea kwa adabu, jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Amenikalisha, akaniagizia kahawa na kashata. Nyuma yake kulikuwa na baiskeli ya zamani imefunikwa chandarua, kama mtoto mchanga.

Akanieleza taratibu. Akasema kutu ni umri. Ukiisugua umemnyoa mzee mvi zake ukamwambia arudi shule ya msingi. Akasema mtu aliyekaa mbali miaka mingi hatafuti kung'aa. Anatafuta alama zake. Akizikosa, hiyo baiskeli ni ya duka.

Nikamwambia hayo nayajua siku nyingi, nilikuwa najaribu tu. Akauliza najaribu nini. Nikasema muda umekwenda, nikaondoka na kashata mkononi.

Nilipofika karakana, Armelle alikuwa ananisubiri. Alikuwa amesahau kuniambia jambo moja, akasema ndilo kubwa kuliko yote. Kwenye shingo ya usukani, Petero alipokuwa mtoto aliandika P.M. kwa msumari. Yeye Armelle tangu apate akili alikuwa akiziona herufi zile juu ya moshi, huku akimsaidia mama kupika. Mengine yote yakiharibika, yaharibike. Herufi zibaki.

Akaomba azitazame kidogo.

Namshukuru Mungu vyuma nilikuwa nimevifunika gunia. Nikasema vinapumzika. Akauliza kama chuma hupumzika. Nikasema cha zamani, ndiyo. Akanishukuru, akasema anajua baiskeli iko kwenye mikono salama. Aliposhukuru ndipo nilipojisikia vibaya. Nilikosa hamu ya ugali. Nilikula, lakini bila furaha.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango mpya. Kama nimeifanya kijana, nitaizeesha.

Nimenunua dagaa wabichi sokoni Mwanga, nimewaloweka kwenye chumvi nyingi, nimechukua maji yake nikavipaka vyuma vyote. Chumvi inaleta kutu, kila mtu anajua. Nikavianika juani nyuma ya nyumba nikaenda kumziba mteja pancha.

Niliporudi nilikuta paka. Paka wa Buzebazeba yote, na wengine siwajui, labda wa Ujiji. Walikuwa wameulamba usukani ukang'aa kuliko mwanzo. Mmoja alikuwa ameukumbatia mkono wa pedeli na akanifokea.

Mke wangu Melania alitoka jikoni akatazama. Akauliza dagaa wako wapi. Nikamwambia nimetumia maji yake tu. Akauliza na dagaa wenyewe? Nikaangalia paka. Tumekula mchicha.

Jumatatu, 16 Juni

Nimewaza mwisho wa wiki wote. Baiskeli ilizeeshwa na nini? Moshi. Sasa moshi wa miaka mingi unaupata wapi kwa siku moja? Kibirizi! Kule ufukweni wanakokausha samaki wa migebuka kwa moshi.

Nimemfuata mama mmoja anaitwa Catherine, mwenye banda la kukaushia samaki. Nikamwambia nina usukani na vipande vingine nataka viingie juu ya wavu, kando tu, havitasumbua samaki. Akanitazama sana. Akaniuliza nyumbani wanajua nilipo. Mwisho akakubali, kwa sharti moto niuchochee mwenyewe.

Nimeuchochea. Macho yamevimba, naandika hapa naona mistari miwili miwili. Watu waliokuwa wanapita walisimama. Mzee mmoja aliuliza hicho kinaliwa na nini.

Lakini nisiwe mnyimi wa sifa, hata kwangu mwenyewe: imekubali. Chumvi iliyobaki na moshi vimeshikana, chuma kimekuwa cha kahawia, kizee, chenye huzuni. Hamdani angelia. Harufu ni ya migebuka kabisa, ila Armelle alipoileta hakunipa sharti lolote kuhusu harufu.

Jioni Catherine amepiga simu. Mteja wake amerudisha samaki, anasema wana ladha ya grisi. Nimezima simu.

Jumanne, 17 Juni

Mama mkwe amefika kutoka Kalinzi kwa bodaboda, na mkungu wa ndizi mapajani. Anaitwa mama Agnesi. Macho yamepungua, anatengenezewa miwani hapa mjini, bado haijawa tayari. Atakaa mpaka aipate.

Niliandike hili ili nisijisahau. Mimi Mha, na kwetu mama mkwe humkatishi neno, humwambii acha, humwambii hapana. Ukiwa na jambo, unamwambia mke, mke anamwambia mama yake. Kwa hiyo kati yangu na mama mkwe kuna salamu na kuna Melania. Mpaka leo mpango huu umekwenda vizuri.

Amemaliza kunisalimu, akagusa meza, akasema ina vumbi. Akaigusa redio. Akaenda jikoni na nikasikia sufuria zikianza kulia. Mama huyu hawezi kukaa na kitu kichafu chumba kimoja. Anaona kwa vidole.

Jumatano, 18 Juni

Leo herufi. P na M. Kazi ndogo kwa mtu mwenye cheti cha darasa la saba. Ila lazima ziwe za mtoto, zilizochorwa na msumari, zenye kupinda. Sikutaka kubahatisha, nikaona nifanye mazoezi kwenye kitu cha aluminiamu.

Nimefanya mazoezi kwenye sufuria kubwa ya Melania. Ile ya harusi yetu.

Nilichora P.M. ya kwanza, ikawa nzuri mno, kama ya ofisi ya kata. Ya pili, imelala. Ya tatu ndiyo. Nikakimbia karakana kabla mkono haujasahau, nikachora kwenye shingo. Imetoka kama ya mtoto kabisa. Nimejisikia fahari mpaka nikaogopa.

Melania ameniita jioni. Sufuria iko mezani, kitako juu. Ameuliza P.M. ni nani. Nikasema Petero Manariyo. Akasema mwanaume gani huyo wa kuandikwa mara tatu kwenye sufuria yake ya harusi. Nikaanza kueleza toka mwanzo, lakini nilianzia kwenye paka, sijui kwa nini. Akanikatisha. Akasema anamjua P.M., ni Paskazia wa Mathiasi, yule anayeuza mawese pale Mwanga na kucheka na waume za watu.

Kweli Paskazia anacheka. Lakini anacheka na kila mtu.

Ijumaa, 20 Juni

Melania ameondoka na boti kwenda Kagunga kufuata dagaa. Hakuniaga. Alimuaga mama yake, mama yake akaniambia. Nimepiga simu, haipatikani.

Mchana amekuja Armelle. Petero ametua. Amefikia gesti, Mwanga. Nilidhani sikusikia vizuri. Kaka mtu anarudi nyumbani baada ya miaka yote hiyo, dada ana vyumba viwili na kitanda cha ziada, analala gesti. Alimwambia hataki kumsumbua. Armelle alilisema neno hilo polepole, kusumbua.

Petero atakwenda kumtembelea dada yake Jumapili mchana. Kumtembelea! Armelle amenunua kreti ya soda. Akasema kama atakuja kama mgeni, basi asikute hata soda hakuna.

Akaniuliza baiskeli ikoje. Nikamwambia iko kama alivyoiacha mwenyewe. Akafumba macho kidogo, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaondoka. Nimekaa pale kwenye benchi muda. Nilikuwa nimeanza haya yote kwa ajili ya Hamdani, na sasa naona Hamdani si kitu. Kama Petero hataijua hii baiskeli, Armelle atabaki na kreti yake ya soda.

Hata hivyo nimewaza Hamdani aje ashuhudie. Kazi ikiwa nzuri kiasi hiki, ni dhambi kuificha.

Jumapili, 22 Juni, asubuhi

Naandika haraka, saa zinakwenda.

Nilitoka mapema kwenda Ujiji kumwalika Hamdani. Nikamwambia leo ataona uhalisia hata yeye hajawahi kuuona. Akaitikia, akasema atavaa kanzu. BMX niliiacha uani, imeunganishwa yote, imefunikwa kanga ya Melania.

Nimerudi. Kanga iko kwenye kamba, imefuliwa. BMX imepinduliwa juu ya gunia. Mama mkwe amekaa kwenye kigoda, mbele yake kuna beseni la jivu, mchanga wa ziwani, ndimu zilizokatwa na stilwaya. Usukani unawaka. Mikono ya pedeli inawaka. Alikuwa amefika kwenye rimu.

Nikakohoa. Nikasema shikamoo mama, pole na kazi. Akaitikia marahaba, akasema si kazi, kitu kinakwenda kwa mgeni, na kitu hakiendi kwa mgeni kinanuka samaki.

Sasa ningefanyaje? Siwezi kumwambia acha. Nikasema mama, usijichoshe, hapo panatosha. Akasema Melania amepata mume mwenye huruma, akaongeza jivu. Nikasema jua ni kali. Akahamia kivulini, na baiskeli. Nimempigia Melania, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani.

Nikakimbia kwa jirani, mama Frida, nikamsihi aende amwambie mama mkwe kwa niaba yangu, mwanamke kwa mwanamke, kwamba baiskeli ile ilitakiwa kuwa chafu. Mama Frida amekwenda. Ametazama. Amesema inapendeza kweli mama. Amevuta kigoda akashika rimu ya nyuma.

Mwisho mama mkwe ameniita. Akasema kulikuwa na uchafu mmoja mkaidi hapa shingoni, yeye haoni lakini kidole kiliusikia, amehangaika nao sana, sasa umetoka. Akanielekeza niweke kidole pale nijionee. Laini kama yai.

Nikasema asante mama.

Jumapili, 22 Juni, jioni

Nilifikiria kuumwa. Nilifikiria pia kuitumbukiza baiskeli ziwani na kusema imeibiwa. Lakini Hamdani alikuwa keshafika kwangu, kanzu nyeupe, akaniuliza tunakwenda. Tukaenda.

Petero ni mtu mpana, mwenye sauti ndogo. Alikuwa kwenye kochi, ukingoni kabisa, koti hajavua. Soda mbele yake. Haijafunguliwa. Armelle amevaa gauni jipya alilolishona mwenyewe, amekaa upande wa pili. Walikuwa wanazungumzia hali ya hewa ya Kanada. Tulipoingia wote wawili walionekana kufurahi kupita kiasi.

Nikaiingiza, imefunikwa. Armelle akasema, kaka, kuna kitu chako. Nikavuta kanga.

Iling'aa chumba kizima. Jua la dirishani liligonga usukani likamwangaza Hamdani usoni. Hamdani akatazama chini, kwa huruma. Afadhali angecheka.

Armelle hakuangalia usukani. Aliangalia shingo moja kwa moja. Akainama, akatafuta, akapitisha kidole. Kisha akaniangalia mimi. Nikaanza kukunja kanga, pembe kwa pembe. 

Petero alisimama. Alikuja akashika shingo ile ile, akaipapasa juu, akaipapasa chini. Akasogeza pua. Jivu na ndimu. Akakaa chini sakafuni, na koti lake la Kanada.

Akasema, "Mama amepita hapa."

Armelle naye akakaa sakafuni.

Ndipo akaeleza, taratibu, Kiswahili chake kikirudi huku anazungumza. Kila Jumamosi mama alikuwa anabeba sufuria zote mpaka ziwani, na BMX pia. Alizisugua kwa jivu na mchanga, na baiskeli aliisugua vilevile, kama sufuria nyingine. Petero alikuwa anaandika P.M. kwa msumari. Jumamosi mama anaifuta. Anaandika tena, mama anafuta tena, anamwambia alizaa mtoto, hakuzaa kibao cha barabarani. Huo ndio ulikuwa mchezo wao. Ilikwenda hivyo mpaka mwaka ule mikono ya mama ilipoanza kuvimba. Jumamosi ikafika, herufi zikabaki. Nyingine ikafika, zikabaki. Petero akasema hakuipanda tena baiskeli ile. Aliitundika mwenyewe juu ya uchaga, maana hakutaka kuziona.

Armelle akasema yeye alikuwa anaziona kila siku, na alikuwa anazipenda. Akasema mama aliyemjua yeye hakuweza kukamua hata nguo. Yeye Armelle ndiye aliyekuwa anakamua, tangu mdogo.

Petero akamtazama. Akamwambia hata yeye alikuwepo kule ziwani. Alikuwa mgongoni. Mama akisugua, yeye Armelle amelala mgongoni, na hakuwa analala mpaka asikie ile sauti ya mchanga kwenye chuma.

Armelle akaweka mkono mdomoni. Kisha akalia, kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani. Petero akamsogelea pale pale sakafuni, akamwambia Kirundi, "Mbabarira." Mimi Mha, neno hilo nalielewa: nisamehe. Akasema angekuja kuzika, karatasi au bila karatasi, angekuja. Walishikana. Nikatazama dari. Hamdani naye alitazama dari. Ni dari ya kawaida tu.

Baadaye Petero alivua koti. Akauliza jikoni ni wapi siku hizi. Wakaenda wote, tukasikia moto ukipulizwa, tukamsikia Armelle akicheka kwa pua iliyoziba. Simu ikapigwa gesti, begi lake liletwe. Soda ilibaki mezani, haijafunguliwa. Nimeinywa mimi. Hamdani amefungua nyingine.

Kabla hatujaondoka Armelle alinifuata mlangoni. Akanishika mikono miwili tena. Akauliza nilijuaje. Hapo ndipo mtu mwaminifu angesema ukweli. Nikamwambia fundi anaisikiliza baiskeli.

 Njiani, karibu na kona ya msikiti, Hamdani akaniuliza, kwa heshima, lile jivu lilikuwa la mti gani. Nikamwambia ni siri ya kazi. Mimi mwenyewe sijui.

Jumatatu, 23 Juni

Nimepita kwa Armelle asubuhi kwa kisingizio cha kukaza nati. BMX imetundikwa ukutani kwenye msumari. Petero alikuwa amekaa kwenye cherehani ya dada yake anabandika kifungo, vibaya. Kwenye shingo ya usukani kuna P.M. mpya, imepinda. Chini yake kuna A.I. Armelle amesema zitafutwa Jumamosi, zamu yake, wiki ijayo zamu ya kaka.

Hamdani ametuma picha ya BMX kwenye Chuma Asilia, na neno moja: "Uhalisia." Madole gumba yamemiminika. Nimeyaangalia mpaka chaji ikaisha.

Jumatano, 25 Juni

Melania amerudi kutoka Kagunga na magunia ya dagaa na uso uleule. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria ya harusi. Kitako kinang'aa, hakuna P, hakuna M. Mama yake ameisugua. Melania ameniuliza nimeficha wapi ushahidi. Nimemwambia amuulize mama. Ameuliza. Mama akasema ulikuwa uchafu tu, umetoka. Melania amelifikiria sana neno hilo, na nadhani nimesamehewa, ingawa mawese ananunua mwenyewe.

Mambo yananinyookea. Wiki hii nimejifunza jambo kubwa, nitaliandika hapa nisilisahau: mteja hajui anachotaka. Anasema hiki, moyo wake unataka kile. Fundi wa kweli hamsikilizi mdomo.

Na leo, kama kwa makusudi, ameteremka mtu kutoka Kalinzi, anaitwa Adolf, na baiskeli ya marehemu baba yake. Kubwa, nyeusi, ya kubebea kahawa. Kwenye kifuniko cha mnyororo, marehemu aliandika jina lake kwa mkono wake, rangi nyeupe: MZEE BONAVENTURA. Familia wanaihitaji kwenye kumbukumbu ya mwaka wa kifo chake. Adolf anataka tairi na breki, basi. Amesema jina lisiguswe. Akasema tena. Alipofika getini akarudi akasema mara ya tatu, akaniapisha kabisa.

Nimemwelewa. Nimemwona machoni. Huyu anataka kung'aa.

Jivu nimeshachekecha, ndimu ninazo. Miwani ya mama mkwe wamepiga simu kwamba iko tayari, lakini sina haraka ya kuifuata. Nimemwambia Melania amwombe mama akae mpaka wiki ijayo. Kwa sasa vidole vyake vinaona vizuri tu, na rangi ya mzee Bonaventura ni nene, haitakosa kuvikwaruza.